Mtoto alipouliza Kwihara: "Sisi tulifungwa au tulifunga?"

Swali lilikuja wakati hakuna aliyelitegemea. Familia ilikuwa imekaa chini ya mwembe mkubwa pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, inakula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Septemba limekaza, na mtoto mdogo alishaanza kulalamika kwamba viatu vinambana.

"Babu," alisema binti wa miaka 11, "wale watu wa kwenye picha mle ndani, waliofungwa minyororo shingoni. Sisi tulikuwa upande gani? Tulifungwa au tulifunga?"

Mama yake aliacha kumenya embe. Akamtazama mkwewe, kisha akamgeukia binti. "Kula kwanza, mama. Hayo tutaongea nyumbani."

Wazazi wengi wanalijua jibu hilo, na watoto wengi wanajua maana yake: suala limefungwa, halitaongelewa tena. Lakini mzee alifuta mikono yake kwenye suruali, akakaa vizuri kwenye mzizi wa mwembe.

"Mwache, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Ameuliza vizuri. Mimi ndiye niliyechelewa kujibu."

Safari ya nauli ya basi

Familia hii inaishi Ulyankulu, wilayani Kaliua. Safari ilianza na daftari. Binti alikuwa amepewa kazi ya shule kuhusu Mtemi Mirambo, akanakili sentensi tatu kutoka kitabuni. Mama alipomuuliza Mirambo aliishi wapi, alijibu bila kufikiri: "Zamani."

Mama alicheka, halafu akaona si jambo la kucheka. Mtoto analala na kuamka Ulyankulu, ardhi ambayo Mirambo aliitawala na kuipigania, lakini kwake historia ni kitu kilichowatokea watu wengine, mahali pengine.

Kwenda Serengeti au Ngorongoro wasingeweza. Ukipiga hesabu ya nauli, malazi na viingilio kwa watu wanne, msimu mzima wa tumbaku unaishia njiani. Kwihara ni jambo jingine: basi la alfajiri hadi Tabora, usiku mmoja kwa shangazi, asubuhi bodaboda mbili. Hata chakula walibeba: viazi vya kuchemsha, karanga na maji ya kutosha. Baba alibaki nyumbani na vitalu vya tumbaku, ambavyo mwezi Septemba havisubiri mtu.

Mama akamwomba mkwewe awasindikize. Sababu yake ilikuwa ndogo tu: mzee anajua majina ya miti. Hakujua kwamba mzee huyo alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kwa mwanawe wa kuzaa.

Siku ya kwanza ilikuwa msituni

Mzee alitoa sharti moja. Kabla ya kwenda kutazama nyumba ya Mzungu, alisema, watoto wapite kwanza kwenye msitu wao. Ijumaa asubuhi aliwachukua hadi kwenye kipande cha miombo anakotundika mizinga yake, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani.

Mtu anayepita na basi huona miombo kama kichaka kirefu kisicho na mwisho. Ukiingia ndani na mtu anayeijua, inakuwa kama mtaa wenye nyumba zenye majina. Huu ni mtundu. Ule ni mninga, ndugu yake mkurungu yuko pale. Mzee alionyesha jeraha la zamani kwenye gome la mninga, ambapo utomvu mwekundu ulikuwa umetiririka na kukauka. Mtoto wa miaka saba alirudi nyuma hatua mbili. "Unatoka damu!"

"Ndiyo maana hatuuchezei kwa panga," alijibu babu.

Septemba ni mwezi mzuri wa kuwapeleka watoto katika misitu ya magharibi mwa Tanzania. Mvua bado, nyasi zimekauka, lakini miti ya miombo haisubiri mvua. Inatoa majani mapya mapema, na majani hayo huanza yakiwa mekundu na rangi ya shaba kabla ya kuwa kijani. Binti aliokota majani matano ya rangi tano tofauti, akayabana ndani ya daftari lile lile lenye sentensi tatu za Mirambo.

Mzee aliwaonyesha pia mti uliokufa wima, umevuliwa gome lake lote kiunoni. Huo, alisema, ulitoa mzinga mmoja. Mizinga ya magome ni ya asili na ni myepesi kubeba, lakini gome likitolewa lote kuzunguka, mti hufa. Siku hizi yeye hutumia mizinga ya mbao. Nyuki hawana ubaguzi, alisema, wanachotaka ni maua karibu na kelele mbali.

Hilo lilikuwa somo la mazingira, na lilichukua dakika tatu. Mtoto anayekulia kwenye nyumba ya mkulima wa tumbaku anaona kuni zikiingia kwenye bani kila msimu. Akisimama mbele ya mti uliokufa, akaambiwa ulikufa kwa ajili ya nini, hana haja ya kuhubiriwa.

Kitu kimoja kiliwaudhi wote: ndorobo. Mbung'o hawa wanauma hata juu ya nguo, na katika maeneo ya Urambo na Kaliua ugonjwa wa malale si hadithi. Mama alikuwa amevaa kitenge cha bluu, na ndorobo walimfuata yeye zaidi ya wote. Mzee alimwambia baadaye kwamba rangi ya bluu na nyeusi huwavutia. Nguo za rangi ya mchanga au kaki, mikono mirefu, ndizo za kuvaa msituni.

Vita vilivyopita nyumbani kwao

Jumamosi kwenye basi, vumbi likiingia dirishani, mzee alisimulia. Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840 katika utawala mdogo wa Uyowa, Unyamwezini. Alikusanya vijana wapiganaji waliojulikana kama rugaruga, akaunganisha tawala nyingi ndogo chini yake, na akaanza kudai haki ya kutoza ushuru kwa misafara iliyopita kwenye nchi yake kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, ambao walizoea kupita, hawakukubali. Vita vikaanza mwaka 1871.

"Agosti mwaka huo," alisema mzee, "jeshi lao lilikuja mpaka Ulyankulu."

Binti aligeuka. "Ulyankulu yetu?"

Ulyankulu yao. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa safarini kumtafuta David Livingstone, alijiunga na upande wa Waarabu na akaandika habari za vita hivyo, ingawa siku ya shambulio lenyewe alikuwa kitandani kwa homa. Kundi lililoongozwa na Soud bin Sayd liliingia katika ngome ya Ulyankulu, likabeba pembe za ndovu na mateka. Mirambo alikuwa ameshatoka. Akajificha na watu wake kwenye nyasi ndefu kando ya njia, akawasubiri warudi wakiwa wamelemewa na nyara. Soud aliuawa pamoja na wengi wa wenzake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akawafuata mpaka Tabora kwenyewe, mji ukaungua, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa.

Stanley alijifungia Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za nyumba yake na kusubiri kushambuliwa. Mirambo hakufika pale. Nyumba hiyo ndiyo waliyokuwa wanakwenda kuiona.

Kufikia hapo mtoto wa miaka saba alikuwa amelala begani kwa mama yake. Binti hakulala. Aliuliza nyasi zilikuwa ndefu kiasi gani.

Ndani ya tembe

Kwihara iko chini ya kilomita 10 kutoka mjini Tabora, kwenye bonde lenye vilima vya mawe, miembe mikubwa na mashamba. Mnamo mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO kama sehemu ya njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Jengo lenyewe ni tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vinavyozunguka ua. Ndani mna picha, ramani na maelezo ya safari za karne ya 19. Kuna baridi nzuri, na baada ya joto la nje watoto walinyamaza wenyewe.

Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki miezi mitano akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka Zanzibar. Walipofika, aliondoka tarehe 25 Agosti kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, na hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Habari iliyomkamata mtoto mdogo ilikuwa ya mti. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliutoa moyo wa Livingstone wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga na kuubeba mpaka pwani. Safari hiyo iliwapitisha tena Unyanyembe, yaani nchi hii hii ya Tabora. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

"Walimbeba kwa miguu mpaka baharini?" aliuliza mtoto.

Kwa miguu. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Na hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa hapa. Wanyamwezi walijulikana pwani kama wapagazi hodari kabla Mzungu yeyote hajapita, na hata jina lao, watu wa mwezi, linasemekana kuwa walipewa na watu wa pwani. Wengi walikwenda kwa hiari yao na kwa malipo ya vitambaa na bidhaa, wakibeba pembe za ndovu. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30, sawa na debe moja na nusu la mahindi, kwa takribani miezi mitatu ya kwenda. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto.

Lakini kwenye njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa, ambao hawakulipwa na hawakurudi. Hao ndio waliokuwa kwenye picha. Binti alisimama mbele yao muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na mama yake aliliona hilo, akamwita wakale.

Jibu la babu

"Sikiliza, mjukuu wangu," alianza mzee pale chini ya mwembe. "Upande wa mama yako ni Wanyamwezi. Katika Wanyamwezi wapo waliobeba mizigo kwa mshahara, wakajenga kwa mshahara huo. Wapo waliokamatwa vitani wakauzwa. Na Mirambo na watemi wengine nao waliteka watu, na mateka waliuzwa. Inawezekana yupo babu wa babu yenu aliyefungwa. Inawezekana yupo aliyeshika kamba. Mimi siwezi kukudanganya kwamba wote walikuwa upande mzuri."

Binti alifikiri. "Na wewe, babu? Upande wako?"

Mama anasema hapo ndipo alipotaka tena kulikata swali. Alijua, kama kila mtu wa nyumba ile, kwamba mzee alizaliwa Burundi na kwamba hazungumzii habari za huko. Mume wake alishamwambia siku ya kwanza ya ndoa: usimuulize baba.

"Mwaka 1972 nilikuwa na umri wako," alisema mzee. "Usiku mama yetu alituamsha, akasema hakuna kuwasha taa. Tulitembea. Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama. Mimi nilipewa sufuria nibebe, ndani yake kulikuwa na maharage. Nililibeba kichwani mpaka tukavuka mpaka. Baba alisema tutangulie, yeye atafuata."

Akanyamaza. Mtoto wa miaka saba, ambaye wote walidhani hasikilizi, akauliza: "Akafuata?"

"Bado," alisema mzee.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mzee akaendelea, kwa sauti yake ya kawaida, kueleza jinsi lori lilivyowaleta Ulyankulu pamoja na familia nyingine zilizokimbia mauaji ya mwaka ule. Pakafunguliwa makazi, vijiji vikapewa namba za barabara, majina ambayo hadi leo nchi nzima inayajua kupitia kwaya ya Barabara ya 13. Yeye anakumbuka msitu tu. Miombo pande zote, kama ule wa juzi. Wakapewa majembe, wakaambiwa hapa ndipo pa kulima. Mzee mmoja wa Kinyamwezi wa kijiji cha jirani ndiye aliyemfundisha kuchagua mti wa kutundikia mzinga.

"Kwa hiyo ukiniuliza," alimaliza, "damu yako ina waliobeba, ina waliofungwa, labda ina aliyefunga, na ina mimi niliyekimbia na sufuria. Wote ni wako. Huchagui mmoja ukatupa wengine."

Binti alikuwa na jambo jingine, na lilitoka sasa. Kuna mwenzake darasani aliyewahi kumwambia kwamba wao ni "watu wa kambi," si wa hapa. Hakuwahi kulisema nyumbani.

Mzee alimweleza kwamba Serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa mwaka 1972, kwamba vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na kwamba chake kiko kwenye sanduku pamoja na hati za ndoa. "Lakini hata bila cheti," alisema, "mwambie mwenzako Ulyankulu hakuna aliyeota kama mti. Kila mtu pale babu yake alifika kwa miguu au kwa lori. Tofauti ni mwaka tu."

Kile ambacho mzazi anaweza kukifanya

Familia hii haikuwa na mpango wa kuzungumzia utumwa, wala 1972, wala uraia. Ilikwenda kutembea. Lakini watoto huuliza maswali makubwa wanapokuwa mahali penye kitu cha kuangalia na mtu mwenye nafasi ya kujibu. Nyumbani kuna simu, kuna vyombo vya kuosha, kuna jirani anayebisha hodi. Chini ya mwembe hakuna pa kukimbilia.

Mama anakiri kwamba nusura aliharibu mara mbili. Alidhani anamlinda mtoto, na alidhani anamlinda mzee. Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa ameshabeba peke yake maneno ya darasani, na mzee alikuwa amebeba ya kwake kwa zaidi ya miaka 50. Aliyekuwa analindwa kwa ukimya ule alikuwa mama mwenyewe, asione machozi.

Si kila mzee atakuwa tayari kusema, na hana budi kuheshimiwa. Yapo majeraha ambayo mtu huyafungua kwa wakati wake au hayafungui kabisa. Kazi ya mzazi ni kutomzuia anapoanza, na kutomlazimisha anapoacha.

Kwa familia inayofikiria safari kama hii, haya yanaweza kusaidia:

• Anza na msitu au kilima kilicho karibu na nyumbani. Mtoto akishajua kwao kuna nini, makumbusho yanamwambia zaidi.

• Mchukue mzee. Bibi, babu, shangazi mkubwa. Mpangie usafiri usiomchosha na mahali pa kukaa kivulini.

• Fahamu taratibu. Misitu ya hifadhi ina wasimamizi wake, na kuingia kunahitaji kibali. Uliza ofisi ya misitu ya wilaya kabla, na uliza pia saa za kufunguliwa makumbusho.

• Usalama msituni. Maji ya kutosha, viatu vilivyofunikwa, nguo za rangi ya mchanga kwa sababu ya ndorobo. Matunda pori kama ntalali au matonga yaliwe tu yakitambuliwa na mtu mzima anayeyajua. Uyoga usiguswe na mtoto. Karibu na mizinga hakuna kelele wala manukato. Kiangazi usiwashe moto kabisa, nyasi zinashika kwa dakika.

• Mtoto asichonge jina lake kwenye mti wala ukutani. Mpe daftari aandike humo.

• Jibu kwa umri. Mtoto wa miaka saba anatosheka na "walichukuliwa kwa nguvu, na ilikuwa makosa." Wa miaka 11 anataka kujua nani alifanya na kwa nini. Mweleze pia kwamba yalikoma: soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

• Usipolijua jibu, sema. Kisha litafuteni pamoja. Mtoto anapoteza imani kwa mzazi anayebuni kuliko kwa anayesema hajui.

Walirudi Ulyankulu Jumapili jioni, wamechoka, mtoto mdogo amebeba viatu mkononi. Jumatatu mwalimu alipokea daftari lenye majani matano makavu, na chini ya sentensi tatu za Mirambo palikuwa na ukurasa mzima ambao haukunakiliwa kutoka popote.

Jioni ile ile binti alikwenda nyumba ya pili kwa babu yake, akamwamkia, kisha akauliza kama lile sufuria bado lipo. Mzee alinyanyuka bila kujibu. Akarudi nalo kutoka stoo, jeusi, limebonyea upande mmoja, mpini mmoja hauna. Ndimo anamokamulia asali.

Binti akaomba alibebe kichwani, ajaribu tu. Akazunguka nalo uani mara moja, pole pole, mkono mmoja umelishika. Halafu akalirudisha.